Kinezi Naye Anarudi Shuleni

Mama, siku ya kupima watoto kilo unaketi kwenye benchi na kungoja zamu yako. Siku nyingine unaona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha mwisho: "Kinezi hayuko, amekwenda masomo." Halafu wamama wanaanza kunung'unika. "Huyu baba iko na mvi tayari, anaenda shule gani tena? Si alipata diploma yake zamani?" Na yule aliyetoka mbali, tuseme Kpandroma, kwa miguu, mtoto mgongoni, anasema maneno makali zaidi.

Tunayasikia maneno haya, wala hatukasiriki. Swali ni zuri. Leo tutalijibu, na tutalijibu kwa mguu wa mtoto.

Kwanza tujue kazi ya kinezi. Ni mganga wa viungo. Hachomi sindano, hagawi vidonge. Yeye anashughulika na mifupa, mishipa na nyama za mwili, na namna mtu anavyokaa, anavyosimama, anavyotembea. Kijana aliyevunjika mguu katika shimo la zahabu kule Mongbwalu, plasta ikitolewa, kinezi ndiye anamfundisha kutembea tena. Mzee aliyepooza upande mmoja kwa ajili ya damu kupanda, ni wa kwake. Mtoto aliyechelewa kulia siku ya kuzaliwa, na sasa ana miezi 10 lakini shingo haijakaza, ni wa kwake. Na yule aliyezaliwa nyayo zake zikitazamana, naye ni wa kwake. Huyu wa mwisho ndiye tutakayemfuata leo.

MGUU ULIOPINDA TANGU KUZALIWA

Umekwisha kuona mguu wa namna hii. Kisigino kimepanda juu, unyayo umegeukia ndani, vidole vinaangalia mguu mwenzake. Ukijaribu kuunyoosha kwa mkono, unarudi. Katika watoto 1000 wanaozaliwa, karibu mmoja anazaliwa hivi. Wavulana wanapatwa zaidi, karibu wawili kwa msichana mmoja. Kwa nusu hivi ya watoto hawa ni miguu yote miwili.

Mama, hukuleta jambo hili kwa kosa lako. Halitoki kwa sababu ulivuka kamba ya mbuzi, wala kwa sababu mume wako aliua nyoka wakati una mimba, wala si jicho baya la jirani. Mguu ulianza kupinda mtoto akiwa bado tumboni. Mara nyingine unaonekana tena katika ukoo mmoja, kwa mjomba au kwa babu, na mara nyingi hauonekani kwa mtu mwingine yeyote. Tunasema hivi wazi kwa sababu kuna wamama waliofukuzwa kwao kwa ajili ya mguu wa mtoto, na wengine walimficha mtoto nyumbani mpaka akawa na miaka 5. Miaka hiyo ilikuwa bure. Mguu wa mtoto wa majuma mawili ni laini kama mche mchanga. Mguu wa miaka 5 unaweza bado kusaidiwa, lakini kazi ni kubwa zaidi na ndefu zaidi.

TULIFANYA NINI ZAMANI

Hapa ndipo shule inaingia. Kinezi mwenye mvi alifundishwa namna ya zamani. Namna hiyo ilitoka kwa daktari wa Marekani aliyeitwa Kite. Ilikuwa hivi: unaukamata mguu, unaweka kidole gumba chako upande wa nje, mbele kidogo ya kisigino, unausukuma mguu utoke nje, kisha unafunga plasta. Halafu tena, halafu tena. Ilichukua miezi mingi, na kwa watoto wengine miaka. Wengi hawakunyooka vizuri, wakapelekwa kupasuliwa. Mguu uliopasuliwa sana ulionekana mzuri machoni, lakini mtoto akiwa mtu mzima ulikuwa mgumu na wenye maumivu.

Kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa mahali padogo sana, pa kidole kimoja. Kisigino chenyewe kinapaswa kuzunguka ili mguu unyooke. Ukikibana karibu na kisigino, umekizuia kisizunguke. Ni kama mtu anayetaka kufungua mlango, na huku ameushika karibu na bawaba. Anasukuma kwa nguvu, anatoka jasho, mlango haufunguki. Sisi wenyewe tuliofanya kazi hii kabla ya kufundishwa tena tulisukuma hivyo, watoto wakalia, mama zao wakalia, na tulidhani tunafanya vema, kwa kuwa ndivyo kitabu chetu kilivyosema. Ni jambo la uchungu kulikumbuka.

Mtu aliyeona kosa hili vizuri alikuwa daktari Ignacio Ponseti. Alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, nchi ya Hispania. Wakati wa vita vya nchi yake alitibu askari waliovunjika mifupa. Vita vilipokwisha alikimbia, naye alikuwa mkimbizi kama wengi wetu tulivyokuwa. Mwishowe alifika Iowa, katika Marekani. Huko alichunguza miguu ya watoto, mfupa kwa mfupa, akaona kwamba kidole gumba cha mganga kinapaswa kuwekwa juu ya kichwa cha mfupa wa kifundo, ule unaojitokeza upande wa nje, na kisigino kiachwe bila kuguswa. Alianza kutibu hivyo karibu na mwaka 1950, na mwaka 1963 aliandika matokeo yake.

Basi, unadhani waganga wa dunia walibadilika mwaka ule? Hapana. Waliendelea na kisu kwa miaka 30 na zaidi. Walikuwa na diploma tayari. Ni katika miaka ya mwisho ya 1990 tu njia hii ilienea, na katika Marekani waliosukuma sana walikuwa wazazi. Baba na mama waliona watoto wa wenzao wamepona bila kupasuliwa sana, wakaambiana, wakawauliza madaktari wao: "Mbona ninyi hamfanyi hivi?" Ponseti alikufa mwaka 2009, mwenye miaka 95, akiwa ameona kazi yake inafundishwa katika nchi nyingi.

Kwa hiyo, mama, ukiuliza kinezi wako "Namna hii ulijifunza lini?", hujamtukana.

KARIBU NA SISI

Njia hii ilifika Afrika ya Mashariki mapema. Jirani zetu wa Uganda walianza katika miaka ya mwisho ya 1990, pamoja na daktari mpasuaji wa Kanada anayeitwa Norgrove Penny. Madaktari wa mifupa walikuwa wachache sana, hata kama wangefanya kazi usiku na mchana wasingeweza kufikia watoto wote. Ndiyo sababu walifundishwa wasaidizi wa mifupa katika hospitali za wilaya, watu wasio madaktari. Malawi nako walifanya hivyo, mjini Blantyre. Ikaonekana kwamba mganga aliyefundishwa vizuri, akifuata njia bila kuongeza mambo yake mwenyewe, ananyoosha miguu kama daktari mkubwa.

Kisha kulikuwa na shida ya viatu. Mtoto akinyooka anapaswa kuvaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, nasi tutavieleza. Vile vya Ulaya ni ghali mno. Mjini Kampala, katika nyumba ya watoto walemavu ya Katalemwa, Mholanzi mmoja, Michiel Steenbeek, alitengeneza viatu vya namna hiyo kwa ngozi na chuma vinavyopatikana katika soko la kwetu. Fundi wa viatu anaweza kuvitengeneza. Leo viatu vya Steenbeek vinavaliwa katika nchi nyingi.

Masomo yenyewe si ya miaka mitatu. Katika mpango uliotayarishwa kwa waganga wa Afrika kati ya 2015 na 2017, pamoja na hospitali ya CURE ya Ethiopia na chuo kikuu cha Oxford, somo la kwanza ni la siku 2. Wanashika mguu wa kujifunzia, kama mwanasesere, wanaweka kidole, mwalimu anasema "hapana, si hapo", wanaweka tena. Wanafunga plasta, wanafungua, wanafunga. Halafu wanarudi kazini, wanatibu watoto, na baadaye wanakuja tena kwa siku nyingine kuonyesha mambo yaliyowashinda. Hili la pili ndilo tunalolipenda. Mtu akifundishwa mara moja na kuachwa, baada ya mwaka mmoja kidole chake kinaanza kurudi mahali pa zamani bila yeye kujua.

Usifikiri ni mguu huu tu. Kinezi anajifunza tena juu ya watoto waliopooza mguu mmoja baada ya sindano ya matako, hasa ya kinini. Mshipa mkubwa wa fahamu unapita hapo, na sindano ikiugusa, mguu unalegea siku ileile. Kwa hiyo mtoto mdogo anachomwa upande wa mbele wa paja, na mama ana haki ya kusema, "Mganga, tafadhali kwenye paja." Tena anajifunza juu ya mtoto ambaye ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa. Zamani tuliwalaza chini na kuwakanda-kanda, basi. Siku hizi tunafundisha mama namna ya kumkalisha, kumlisha kichwa kikiwa wima asije akapaliwa, na kumbeba kwa kitenge miguu ikiwa imeachana. Hayo yanahitaji somo lake.

SASA SHULE YAKO WEWE

Sehemu kubwa ya kazi hii haifanyiki mikononi mwa kinezi. Yeye anamwona mtoto nusu saa kwa juma. Zile siku zilizobaki ziko kwako.

Siku ya kwanza njoo na mtoto mwenye njaa kidogo. Ndiyo, umesoma vizuri. Wakati kinezi anafunga plasta, wewe unamnyonyesha. Mtoto anayenyonya analegea, mguu unalegea naye. Plasta inatoka vidoleni mpaka juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Wamama wengi wanauliza, "Ugonjwa uko chini, mbona mnafunga mpaka huku juu?" Plasta fupi inateleza na kutoka kama soksi, nao mguu unarudi ulikotoka.

Jambo moja limefukuza wamama wengi, basi lisome mara mbili. Baada ya plasta ya kwanza, mguu unaweza kuonekana umepinda zaidi kuliko ulipokuja. Kinezi hajakosea. Anaanza kwa kuinua upande wa kidole gumba cha mguu ili ulingane na vidole vingine, na kwa kufanya hivyo unyayo unatazama juu kidogo. Kutoka plasta ya pili unaanza kuuona ukienda nje. Mama mmoja aliona hivyo akatoa plasta usiku, akasema tumemharibia mtoto. Alirudi baada ya miezi mitano, na kosa lilikuwa letu, kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema.

Kila juma plasta inabadilishwa. Kwa watoto wengi ni plasta 5 mpaka 7. Kila mara kinezi anahesabu namba, inaitwa namba ya Pirani. Inaanzia 6, ambayo ni mguu mbaya kabisa, na inashuka mpaka 0. Anaangalia alama sita, kila moja inapewa sifuri, nusu au moja. Mwombe akuambie namba kila juma, na aiandike kwenye karatasi ya mtoto. Ikishuka, utaona hata kabla ya macho yako kuamini. Ikikataa kushuka kwa majuma mawili au matatu, uliza kwa nini.

Nyumbani, angalia vidole mara nyingi kwa siku. Bonyeza kidole: kinakuwa cheupe, ukiachilia damu inarudi mara moja. Kama vidole vimevimba, ni baridi, vimekuwa vyeusi au vya buluu, au mtoto analia bila kunyamaza hata akinyonya, rudi siku hiyo, usingoje siku yako. Kama vidole vilikuwa vinaonekana na sasa vimezama ndani, plasta imeteleza. Hiyo nayo inaumiza, lazima itolewe. Usimwogeshe kwenye karai. Mpanguse kwa kitambaa.

Mwishoni, kwa watoto wengi, kuna mkato mdogo. Mshipa mnene wa nyuma ya kisigino ni mfupi, ndio unaovuta kisigino juu. Mganga anaweka dawa ya ganzi na kuukata kwa kisu chembamba. Kidonda ni kama tundu. Neno "kukata mshipa" linaogopesha, na mabibi wanaweza kusema mtoto hatatembea kamwe. Mshipa wa mtoto unajiunga tena wenyewe, ukiwa mrefu kuliko mwanzo. Plasta ya mwisho inakaa majuma 3 ili uungane.

Kabla ya kuendelea, zungumzeni hapa kwenye benchi: Nani kati yenu ameona mguu kama huu katika kijiji chake? Mtoto huyo yuko wapi leo? Nani atamwambia mama yake?

VIATU

Plasta imetoka, mguu umenyooka, watu wanapiga vigelegele. Hapa ndipo watoto wengi wanapotea. Mguu unakumbuka ulikotoka, nao unarudi kama mtoto hakuvaa viatu vyake. Miezi 3 ya kwanza anavivaa saa 23 katika saa 24. Saa moja ni ya kuoga na kunyoosha miguu. Baadaye ni usiku tu na wakati wa kulala mchana, mpaka miaka 4. Ndiyo, minne. Siku mbili au tatu za kwanza atalia, kwa sababu hawezi kupiga mguu mmoja peke yake. Mchezeshe, sukuma chuma ili miguu yote miwili ikunjuke pamoja, atazoea. Kiatu cha Steenbeek kina tundu nyuma, kwenye kisigino. Chungulia: kisigino kikionekana kimekaa chini, umefunga vizuri. Kikiwa kimepanda, fungua ufunge tena. Ngozi ikiwa nyekundu kidogo si kitu. Ikitoka malengelenge, lete mtoto na viatu.

Mama mkwe atasema, "Mtoto huyu amepona, mnamtesa bure." Usigombane naye. Mlete kliniki, kinezi amweleze. Baba naye aje walau mara moja, maana akiona kwa macho yake hatakataa pesa ya pikipiki.

Tukuambie kweli nyingine ili usishtuke baadaye: kama ni mguu mmoja, utabaki mdogo kidogo kuliko mwenzake, na nyama ya nyuma ya mguu itakuwa nyembamba. Atakimbia, atacheza mpira, atabeba maji.

KAMA TUNAKIMBIA

Tungependa kumaliza hapa, lakini tuko Djugu. Vita vya mwaka 1999 mpaka 2003 tunavikumbuka. Mwezi wa 9 mwaka 2002 hata hospitali ya Nyankunde ilishambuliwa, watu wengi wakauawa, na wagonjwa na waganga waliosalia wakatembea kwa miguu mpaka Oicha. Mwisho wa 2017 vita vilirudi huku kwetu, na wengi wenu mmelala kambini Bunia au kando ya kituo cha afya. Plasta haijui vita. Ikikaa mguuni majuma mengi bila kubadilishwa, mtoto anakua na plasta haikui, inamkata.

Kwa hiyo kama umekimbia, siku yako ya plasta imepita, na huoni kituo cha kukusaidia, itoe mwenyewe. Loweka mguu wote katika maji ya uvuguvugu, funika kwa kitambaa chenye maji, ngoja mpaka plasta ilegee, kisha tafuta mwisho wa bandeji na uizungushe polepole. Usitumie kisu wala wembe. Mguu utarudi kupinda kidogo, lakini kazi inaweza kuanzwa tena. Kama mtoto yuko tayari kwenye viatu, viatu vinakwenda pamoja naye. Katika mambo ya kubeba, viweke pamoja na kitenge chake, wala si chini ya mzigo.

Beba pia karatasi yake, ndani ya mfuko wa plastiki. Popote mtakapofika, hata kwa kinezi asiyekujua na asiyesikia lugha ya kwenu, mwonyeshe. Namba iliyoandikwa humo itamwambia aanzie wapi. Kama karatasi imepotea njiani, mwambie mambo haya matatu: mtoto amefungwa plasta mara ngapi, mshipa wa kisigino umekatwa au bado, na viatu alianza kuvaa lini.